Taka za Mji: Maradhi au Kawi? Somo Kutoka Nakuru

WAKAZI wengi wa miji yetu huamini kwamba taka zikishatolewa nje ya mlango, kazi yao imekwisha. Mkokoteni ukizibeba, wanashukuru. Usipofika, taka huwashwa moto jioni nyuma ya ploti na majivu yakaachwa yachukuliwe na upepo. Kwa vyovyote vile, taka hizo humrudia mwenyewe: kwa moshi, kwa nzi, kwa maji machafu au kwa kikohozi cha mtoto.

Katika somo la wiki hii tutaeleza jinsi taka zinavyoleta maradhi, jinsi taka hizo hizo zinavyoweza kugeuzwa kuwa kawi ya kupikia, na kwa nini mambo hayo yote hutegemea mpango wa mji. Tutachukua mfano wa Nakuru, mji ambao umejaribu kwa miaka mingi kupanga mambo haya, ukafaulu katika baadhi na kukwama katika mengine. Msomaji akumbuke jambo moja kuu: taka zikichanganywa huwa sumu, zikitengwa huwa na faida.

TAKA HULETAJE MARADHI?

Taka humdhuru binadamu kwa njia nne kubwa.

Njia ya kwanza ni wadudu na panya. Nzi hutoka kwenye kinyesi na mabaki yaliyooza, akatua juu ya chakula. Hapo ndipo huenea magonjwa ya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Taka zinazoziba mitaro huzuia maji ya mvua, nayo hufurika mpaka ndani ya nyumba pamoja na uchafu wa vyoo. Makopo na magurudumu yaliyotupwa hukusanya maji, na humo huzaliana mbu anayeeneza homa ya dengue.

Njia ya pili ni moshi. Taka zinazochomwa uani haziungui vizuri kwa sababu moto wake si mkali na nyingi zina unyevu. Plastiki, mpira, vitambaa na mbao zilizopakwa rangi zikiungua hivyo hutoa chembechembe ndogo sana zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, pamoja na kemikali zenye sumu ziitwazo dioksini, ambazo hudumu mwilini kwa miaka na zinaweza kuchangia saratani. Mwenye pumu huzidiwa usiku huo huo. Mtoto mchanga, ambaye mapafu yake bado yanakua, hupata nimonia kwa urahisi zaidi.

Njia ya tatu ni maji ya uozo. Mabaki ya chakula yakirundikwa jaani hutoa maji meusi yanayonuka, ambayo hupenya ardhini au kutiririka na mvua hadi mtoni. Ndani ya lundo, pasipo hewa, mabaki hayo hutoa gesi ya methani. Gesi hiyo huwaka, na ndiyo sababu majaa mengi hufuka moshi mchana na usiku hata kama hakuna aliyeyatia kiberiti.

Njia ya nne ni madini yenye sumu yatokanayo na betri, vifaa vya umeme na rangi. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora jijini Nairobi, lililoanza kutumika mwaka 1975. Watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto na kudhoofisha uwezo wake wa kujifunza. Mwalimu anaweza kumwona kuwa mzito wa kuelewa, kumbe amelishwa sumu.

Zaidi ya hayo, lundo lisilo na mpango linaweza kuua kwa siku moja. Mnamo Agosti 2024 jaa la Kiteezi, karibu na Kampala nchini Uganda, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa.

MJI ULIO KATI YA KRETA NA ZIWA

Nakuru umejengwa kwenye mteremko. Upande wa juu kuna kreta ya Menengai. Upande wa chini kuna Ziwa Nakuru, mashuhuri kwa ndege aina ya heroe. Mwaka 1990 ziwa hilo lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar unaolinda maeneo yenye majimaji. Hakuna mto unaotoka katika ziwa hilo. Kila kinachosombwa na mvua kutoka mitaa ya juu hushuka ziwani na kubaki humo. Nalo jaa la Gioto, ambalo kwa miaka mingi limepokea taka za mji, liko upande wa juu, karibu na mtaa wa London. Kwa hiyo hata asiyeujua mji huu anaweza kuona hatari yenyewe: jaa juu, watu katikati, ziwa chini.

Mnamo 1995, miaka mitatu baada ya mkutano mkuu wa mazingira wa Rio de Janeiro, Nakuru ulichaguliwa pamoja na Essaouira wa Morocco na Vinh wa Vietnam kujaribu mpango wa kupeleka maazimio ya Rio hadi kwenye mabaraza ya miji. Baraza la mji, wataalamu, wafanyabiashara na vikundi vya wakazi walikaa pamoja kujadili mji ukue kuelekea wapi, taka zipelekwe wapi na ziwa lilindwe vipi. Kazi hiyo ilizaa mpango wa ukuaji wa mji mwaka 1999.

Mpango ulikuwa mzuri, lakini watu waliongezeka kuliko huduma. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 ilionyesha wakazi zaidi ya 219,000. Ile ya 2019 ilionyesha zaidi ya 570,000, na mnamo Desemba 2021 Nakuru ukapewa hadhi ya jiji. Hebu tufanye hesabu kwa mfano tu: ikiwa kila mkazi atatupa nusu kilo ya taka kwa siku, watu 570,000 watatupa tani 285 kila siku. Lori la tani 7 litahitaji safari 40 na zaidi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hakuna kaunti inayoweza kuendesha malori ya namna hiyo bila kuishiwa pesa za mafuta na vipuri. Hivyo njia ya pekee ni kupunguza kile kinachopandishwa kwenye lori.

KINYESI KILICHOGEUZWA MAKAA

Mfano mzuri ulitoka mahali ambapo wengi hawakutarajia, yaani vyooni. Ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa Nakuru, takriban robo, waliokuwa wameunganishwa kwa mabomba ya majitaka miaka michache iliyopita. Waliosalia, hasa katika mitaa kama Kaptembwa na Rhonda, walitegemea vyoo vya shimo. Shimo likijaa, mwenye ploti huita lori la kunyonya uchafu, au hungoja mvua inyeshe aumwage mtaroni usiku.

Kampuni ya maji na majitaka ya Nakuru na washirika wake waliamua kukigeuza kinyesi hicho kuwa bidhaa. Kampuni tanzu iitwayo NAWASSCOAL ilianzishwa, ikaanza kutengeneza makaa ya duara yaliyouzwa kwa jina la Makaa Dotcom. Kazi yenyewe hufanyika hivi:

Kwanza, kinyesi kilicholetwa na malori huanikwa ndani ya nyumba za plastiki, kama zile za kukuzia nyanya, mpaka jua likikaushe. Pili, huingizwa katika tanuri lenye hewa kidogo kikachomwa kwa joto kali hadi kiwe mkaa. Joto hilo ndilo linaloua viini na mayai ya minyoo, na ndilo linaloondoa harufu. Tatu, vumbi la mbao kutoka karakana za maseremala huchomwa vivyo hivyo. Mwisho, vitu hivyo viwili husagwa, huchanganywa na molasi ili vishikane, huviringishwa kuwa madonge na kuanikwa tena.

Mpishi anayetumia madonge hayo hasikii harufu yoyote ya choo. Faida zake ni tatu kwa pamoja: kinyesi hakiendi mtaroni, vumbi la mbao halichomwi ovyo, na miti inapona. Mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda katika miji mingi, na wenye vibanda vya chakula wakaona maana ya kuwa na kitu kingine cha kutia jikoni.

Hapa lazima tutoe onyo. Kazi hii si ya kujaribu nyumbani. Mayai ya minyoo huweza kuishi ndani ya kinyesi kilichokauka kwa miezi mingi, na anayekishika bila glavu na viatu anajitafutia maradhi.

NJIA NYINGINE ZA KUPATA KAWI

Kaunti ya Nakuru ina utajiri wa kawi isiyokwisha. Mvuke wa ardhini umekuwa ukitoa umeme huko Olkaria, karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za kipato cha chini stima ni ya taa, simu na redio. Sufuria ya maharagwe bado iko juu ya makaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Ndiyo maana mpango wa kawi wa mji haufai kuishia kwenye nguzo za umeme. Unapaswa kufika jikoni, na taka zinaweza kusaidia.

Gesi ya samadi, au bayogesi, ni njia mojawapo. Mabaki ya chakula, samadi au kinyesi hutiwa katika tangi lisiloingiza hewa. Viini huyala mabaki hayo na kutoa methani, gesi ile ile inayounguza majaa, ila sasa inapita kwenye bomba hadi kwenye jiko. Kinachobaki ndani ni majimaji mazito ambayo ni mbolea. Huko Kibera, Nairobi, vimejengwa vyoo vya umma vyenye tangi la namna hii chini yake, na gesi hutumika kupikia. Kiserian, katika Kaunti ya Kajiado, kichinjio cha Keekonyokie kilianza kutumia damu na samadi ya ng'ombe kutengeneza gesi. Karibu na Naivasha, mtambo wa shamba la Gorge ulijengwa kutumia mabaki ya mimea kuzalisha umeme wa zaidi ya megawati 2.

Msomaji ataona kwamba kila moja ya mitambo hiyo hulishwa taka za aina moja inayojulikana: samadi, kinyesi au mabaki ya mimea. Hakuna hata mmoja unaolishwa gunia lenye maganda ya ndizi, nepi, chupa zilizovunjika na betri. Vioo na plastiki huziba tangi, na kemikali huua viini vinavyotengeneza gesi.

Baadhi ya viongozi hupendelea mtambo mkubwa wa kuchoma taka zote kwa pamoja na kuzalisha umeme. Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, ulizindua mtambo kama huo mwaka 2018. Mitambo hiyo inaweza kufaa, lakini ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba taka ziwe kavu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na majani, na uzito mwingi wa mabaki hayo ni maji. Kuyachoma ni kama kuwasha kuni mbichi: joto kubwa hupotea kwa kukausha kuni zenyewe. La pili ni kwamba moshi uchujwe kwa vifaa vya bei kubwa vinavyotunzwa kila siku. Bila vichujio, mji utakuwa umehamisha tu moto wa nyuma ya ploti na kuupandisha kwenye dohani ndefu.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Katiba hiyo hiyo iliwapa wasimamizi wa kaunti jukumu la kuondoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Nayo sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa taka na vituo vya kuchambulia taka, na inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza.

Sheria inaweza kufanya kazi tukiitii. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Agosti 28, 2017, wengi walidhani biashara sokoni zitakwama. Badala yake wanunuzi walirudi kwenye vikapu na mifuko ya vitambaa, na mifuko ya plastiki iliyokuwa ikining'inia kwenye ua na miti ikapungua sana.

Tatizo kubwa la mipango ya kaunti ni kwamba ule wa taka huandikwa katika ofisi moja na ule wa kawi katika ofisi nyingine. Afisa wa taka hutafuta mahali pa kutupa maganda ya soko. Afisa wa kawi hutafuta kitu cha kuwashia majiko ya shule. Wakikaa meza moja, watagundua kwamba kila mmoja anacho anachotafuta mwenzake.

UFANYE NINI NYUMBANI?

1. Weka ndoo mbili jikoni. Moja yenye kifuniko iwe ya vinavyooza: maganda, mabaki ya chakula, majani ya chai. Ya pili iwe ya vikavu: karatasi, chupa, makopo.

2. Nepi, sodo, bandeji, sindano, wembe, betri na dawa zilizoharibika usizitie katika ndoo hizo mbili. Vifungie kando. Sindano na wembe vitie ndani ya chupa ngumu ili mzoa taka asijidunge.

3. Ukiwa na nafasi hata ya mita moja, fanya mbolea. Tandaza maganda, funika kwa majani makavu au udongo, nyunyizia maji kidogo na kupindua kila juma. Usitie nyama wala mifupa, kwa kuwa huvuta panya.

4. Usichome taka uani, hata kama jirani anachoma. Zungumza naye, na mkishindwa kuelewana, mwoneni mzee wa mtaa au afisa wa afya ya umma wa wadi.

5. Jiko la makaa, yawe ya mti au ya kutengenezwa, lisiachwe ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa yote hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini. Pika penye dirisha wazi na utoe jiko nje kabla ya kulala.

6. Wapangaji wa ploti moja wachange pamoja kumlipa mzoa taka anayejulikana na mwenye leseni. Mwulizeni anazipeleka wapi. Asiyeweza kujibu huenda anazimwaga mtoni.

MASWALI YA KUULIZA KATIKA MKUTANO WA WADI

Usafi wa nyumba moja hautoshi ikiwa lori litachanganya tena kile ulichotenga. Hapo ndipo mkazi anapopaswa kuinuka na kuuliza. Kila mwaka kaunti huandaa mpango wake wa maendeleo kufikia Septemba 1, hutoa mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na kupeleka makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya siku hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi ukumbi huwa nusu tupu, kisha twalalamika mwaka mzima.

Uendapo, uliza haya. Je, lori la taka zinazooza na lile la vikavu ni tofauti, au yote huishia jaa moja? Wadi yetu ina kituo cha kuchambulia taka, na kama hakuna, kimetengewa shilingi ngapi? Maganda ya soko letu yaenda wapi, na kwa nini yasiwe gesi ya kupikia katika shule au zahanati iliyo karibu? Vyoo vya shimo vinavyojaa vinamwagwa wapi? Wale wanaochakura jaani wana glavu, viatu na chanjo ya pepopunda?

Swali la mwisho lisisahauliwe. Wachakuzi hao, ambao wengi wetu huwaita chokora na kuwapita huku tumeziba pua, ndio wanaookoa sehemu kubwa ya chuma, plastiki na karatasi za mji. Mpango unaowafukuza jaani bila kuwapa kazi katika kituo cha kuchambulia taka utawapoteza watu wenye ujuzi, na watoto wao wataendelea kuvuta moshi ule ule mahali pengine.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa habari ya taka, kinga ni ndoo ya pili jikoni leo jioni, na nafasi yako katika ukumbi wa wadi siku ya mkutano. Ndoo bila mkutano itaishia katika lori lile lile. Mkutano bila ndoo hautakuwa na cha kugeuza kawi.